Nauli ya Kaka Augustine

Kijana akiacha udaktari chuoni akahamia fasihi, mtaani hawasemi "amebadili kozi." Wanasema "kachemsha." Wazee wana adabu zaidi, wao watatafuta methali: usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka uliochakaa, lakini ni wako na unaukalia. Msala unaopita ni wa mwenzio. Unakumetea machoni tu, na kesho mwenyewe kaukunja kaondoka nao. Methali hii ni nzuri, na mara nyingi ni ya kweli. Ila haisemi lolote kuhusu mtu aliyetandikiwa mbacha na wengine, kabla hajajua mwenyewe anataka kukaa wapi.

Wala haisemi maisha yanakuwaje baada ya kuhama. Kubadili kozi kwenyewe ni shughuli ya siku chache: fomu, sahihi ya mkuu wa idara, muhuri, basi. Kazi inaanza Jumatatu inayofuata. Wale mlioanza nao wako maabara. Wewe unaingia darasa la watu ambao tayari wana vijiwe vyao, wamesoma vitabu ambavyo hujavigusa, na wanakutazama kama mgeni aliyefika harusini baada ya pilau kwisha. Nyumbani bado wanakuita "daktari wetu." Na juu ya yote kuna suala la pesa, kwa sababu aliyeitoa aliitoa kwa ajili ya daktari, si kwa ajili ya mshairi.

Ndugu msomaji, katika insha hii nataka tuwatazame watu wanne waliopita njia hiyo kati ya mwaka 1948 na 1963, wakati vyuo vikuu katika nchi zetu vilikuwa vya kuhesabu kwa vidole. Wawili ni wa Ibadan, Nigeria: Chinua Achebe na Christopher Okigbo. Wa tatu ni Julius Nyerere alipokuwa Edinburgh. Wa nne ni Okot p'Bitek wa Uganda, ambaye hakuhama mara moja bali mara mbili. Hawa tunawajua kwa vitabu vyao na kwa siasa zao. Mimi nawatazama kwa swali dogo la mtu anayehesabu nauli mfukoni: walipohama, nani alilipa? Na kwa kile kilicholipwa, waliishije chuoni?

Tuanze na Ibadan. Mwaka 1948 Waingereza walifungua chuo kikuu cha kwanza cha Nigeria, kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London: mitihani ya London, shahada ya London. Lakini majengo hayakuwa ya London hata kidogo. Chuo kilianzia Eleyele, katika mabanda yaliyokuwa hospitali ya jeshi. Miongoni mwa wanafunzi wa mwanzo alikuwa kijana wa miaka 17 kutoka Ogidi, aliyesoma shule ya serikali ya Umuahia, shule ya bweni iliyochagua watoto wenye vichwa vikali. Alama zake za mtihani wa kuingia chuo zilikuwa za juu kiasi kwamba alipewa skolashipu kubwa, asomee udaktari. Zama zile kijana mwenye akili alielekezwa kwenye sayansi kama maji yanavyoelekezwa kwenye mfereji. Wengi wetu tunalijua jambo hili hata bila kwenda Nigeria. Ni ile hadithi ya kidato cha tano, ya aliyefaulu vizuri kuambiwa kwamba PCB ndiyo stahili yake na HGL ni ya wale wengine.

Achebe alimaliza mwaka mmoja, akaona njia ile si yake. Akahamia masomo ya sanaa: Kiingereza, historia na masomo ya dini. Yeye alihama. Skolashipu haikuhama naye. Ilikuwa imetolewa kwa ajili ya daktari, na daktari hakuwepo tena. Ghafla akawa mwanafunzi wa kulipa ada kama wengine, tena mtoto wa mwalimu wa dini aliyekwisha staafu. Serikali baadaye ilimsaidia kwa msaada mdogo wa masomo, na jamaa wakachanga. Katika mchango huo ndimo alimo mtu ambaye jina lake nimelipa kichwa cha insha hii. Kaka yake, Augustine, alikuwa mtumishi wa serikali akifanya kazi mbali na kwao. Alikuwa na pesa za likizo, za kwendea nyumbani. Akazitoa. Mdogo wake akarudi Ibadan, na yeye akabaki kazini kwake.

Katika vitabu vingi vya historia ya fasihi Augustine ana sentensi moja tu, kisha msimulizi anakimbilia kwenye riwaya. Tusikimbie. Mtumishi yeyote anayefanya kazi mbali na kwao anajua likizo maana yake nini. Ni mwaka mzima wa kungojea. Ni kanga ya mama na shati la baba, ni kuketi barazani na kusalimiwa na watu wanaokujua kwa jina la utotoni. Nauli ile ilikuwa na haya yote ndani yake. Ilipotolewa, iligeuka ada ya Kiingereza na historia. Kwa hiyo nasema, bila kutia chumvi, kwamba njia ya Achebe kwenda kwenye fasihi ilipita juu ya likizo ya mtu mwingine.

Na hapo ndipo maisha mapya ya chuo yanapoanza. Mwanafunzi anayesomeshwa na serikali akifeli anaitia serikali hasara, lakini serikali haina uso. Hukutani nayo Krismasi. Anayesoma kwa nauli ya kaka yake atakutana na kaka yake. Namna ya kukaa darasani inabadilika.

Achebe alifanya nini? Alibukua, ndiyo, lakini hilo halitoshi kumfanya mgeni awe mwenyeji. Alijitafutia mahali. Chuo kilikuwa na magazeti ya wanafunzi, karatasi chache tu, wasomaji wenyewe wakiwa ni wale wale wanaokutana kwenye foleni ya chakula. Mwaka 1950 alichapisha kipande chake cha kwanza katika University Herald, kipande cha utani juu ya wanafunzi wenzake. Akaendelea kuandika insha na barua, nyingine katika gazeti jingine la hapo hapo chuoni lililoitwa The Bug. Mwaka wa masomo wa 1951 hadi 1952 alikuwa mhariri wa Herald. Yule aliyeingia darasa la watu akiwa amechelewa sasa ndiye aliyekuwa akiwasahihishia watu makala zao.

Kuna kisa cha wakati huo ambacho Achebe mwenyewe alikisimulia mara kadhaa uzeeni, na kila anayeandika atakifurahia. Idara ya Kiingereza ilitangaza shindano la hadithi fupi. Matokeo yalipotoka, hakuna aliyepewa zawadi. Hadithi zote zilionekana hazijafikia kiwango. Ila hadithi ya Achebe ilitajwa kuwa na jambo la kuvutia, tatizo lake ni kwamba haikuwa na umbo. Achebe akamfuata mwalimu wake, mama mmoja wa Kiingereza, akamwomba amweleze hilo umbo ni kitu gani. Mwalimu akasema ana haraka, watazungumza siku nyingine. Siku zikapita, akaulizwa tena. Mwishowe akamwambia: nimeisoma tena hadithi yako, kumbe haina kasoro. Basi. Somo la umbo likaishia hapo.

Watu hucheka kisa hiki, na kweli kinachekesha. Lakini fikiri kidogo. Kijana ameacha kozi yenye heshima na posho, nyumbani wamejinyima, amekuja kwenye kozi mpya akiamini humo ndimo watakamfundisha kuandika. Na kozi mpya nayo haina jibu. Nadhani hili ndilo jambo gumu kuliko yote kwa anayebadili kozi. Kwenye kozi ya kwanza kutoridhika kuna sababu: "si fani yangu." Kwenye ya pili sababu hiyo umeitumia tayari. Ukikuta mwalimu mwenye haraka, au somo linalosinzisha, huna tena pa kukimbilia. Hapo wengi ndipo wanapovunjika moyo, si pale mwanzo.

Achebe hakuvunjika, na sababu moja ni kwamba darasani alikuwa na wenzake wa kubishana nao. Mwaka 1952 darasa lao lilisomeshwa riwaya ya Joyce Cary, Mister Johnson, iliyotungwa na Mwingereza kuhusu karani wa Kinaijeria, na iliyosifiwa sana huko Uingereza. Mwanafunzi mmoja alisimama akamwambia mwalimu kwamba mahali pekee alipopafurahia katika kitabu kizima ni pale huyo Johnson alipopigwa risasi akafa. Wanafunzi wale walikuwa wamejiona katika kioo cha mtu mwingine na hawakujitambua. Achebe amesema kwamba mambo kama hayo ndiyo yaliyomwonyesha kuwa hadithi ya kwao haiwezi kuachiwa wageni waisimulie. Mwaka 1958 ikatoka riwaya yake ya kwanza, ambayo sisi tuliipata kwa Kiswahili mwaka 1973 kwa jina la Shujaa Okonkwo, tafsiri ya Clement Ndulute.

Lakini tusiruke miaka. Mwaka 1953 Achebe alimaliza chuo kwa daraja la pili. Hakufurahi. Alitegemea zaidi, na alirudi kwao bila kujua aanzie wapi. Miaka mitano kati ya cheti kile na riwaya ile ni mirefu kwa mtu anayeiishi, hasa akiwa na kaka wa kumtazama usoni.

Sasa mtazameni mwenzake. Christopher Okigbo naye alitoka Umuahia, naye akaingia Ibadan, mwaka 1950, asomee udaktari. Mwaka wa pili akahama, akaenda kusoma Kigiriki na Kilatini. Kama fasihi ya Kiingereza ilionekana upuuzi kwa mzazi, sijui Kigiriki cha kale angeambiwa ni nini! Alipata shahada yake mwaka 1956. Na baada ya hapo? Akafanya kazi serikalini, akaacha. Akafundisha shule huko Fiditi. Akawa msaidizi wa maktaba katika Chuo Kikuu cha Nsukka. Akawa wakala wa wachapishaji wa vitabu. Ushairi wake, ambao leo unasomwa kama mmoja wa ushairi mkubwa wa Afrika kwa Kiingereza, aliuanza kwa dhati akiwa mwalimu wa shule, miaka kadhaa baada ya kutoka chuo. Aliuawa mwaka 1967 akiipigania Biafra, akiwa na miaka 35 tu. Ali Mazrui wetu wa Mombasa alimwandikia riwaya nzima mwaka 1971, akimfikisha mbele ya mahakama ya ahera ajibu kwa nini mshairi alishika bunduki.

Nimemweka Okigbo hapa makusudi. Tunapenda sana hadithi ya mtu aliyehama kozi na mara moja akang'ara. Okigbo hakung'ara mara moja. Kozi aliyoihamia haikumpa kazi moja ya kudumu. Ilimpa lugha mbili za wafu na masikio ya kusikia mapigo ya beti. Faida ilikuja, lakini ilikuja kwa njia ya uchochoroni.

Tuvuke sasa tuje kwa mtu wa kwetu. Julius Nyerere aliingia Makerere mwaka 1943 kusomea ualimu, na katika masomo yake mlikuwamo kemia na baiolojia. Alipomaliza mwaka 1945 alikwenda kufundisha St. Mary's, Tabora, na baiolojia ilikuwa mojawapo ya masomo aliyofundisha. Kwa macho ya nje huyu alikuwa mtu wa sayansi. Padre Richard Walsh, mkuu wa shule ile, alimhimiza atafute chuo kikuu Uingereza. Nyerere akafanya mtihani wa London wa kujiunga na chuo, akafaulu Januari 1948. Akaomba ufadhili wa serikali ya kikoloni, akakosa. Akaomba tena, akapata mwaka 1949.

Hata hivyo aliondoka kwa kusitasita. Baba yake, Mtemi Burito, alikuwa amefariki mwaka 1942. Mama yake, Mugaya, alikuwa Butiama, na mshahara wa mwalimu Julius ndio uliokuwa unawasaidia yeye na wadogo zake. Skolashipu ingemlipia mwanafunzi. Mama wa mwanafunzi hakuwa kwenye hesabu. Unaona? Tumevuka bara zima lakini tuko pale pale kwa Augustine. Kuna mtu mmoja anayepanda ndege Dar es Salaam, na kuna mwingine nyuma yake anayepunguza chumvi kwenye mboga ili ndege hiyo iruke.

Nyerere alifika Edinburgh mwezi Aprili 1949. Kwanza alisoma kemia na fizikia kwa kipindi kifupi, akijiandaa na mitihani ya awali ya vyuo vya Scotland. Lakini Oktoba mwaka huo alipoandikishwa rasmi, aliandikishwa kitivo cha sanaa. Baiolojia ya Tabora iliishia hapo. Mwaka wa kwanza alichukua fasihi ya Kiingereza, uchumi wa siasa na anthropolojia. Mwaka wa pili, historia ya uchumi na historia ya Uingereza. Wa tatu, sheria ya katiba na falsafa ya maadili. Wanafunzi Waafrika kutoka makoloni ya Waingereza ya Afrika Mashariki waliokuwa Scotland mwaka ule walikuwa wawili tu, naye alikuwa mmoja wao.

Matokeo yake hayakuwa ya kutingisha chuo. Alifaulu kila somo, lakini hakuwa wa kwanza. Wanaodhani Mwalimu alikuwa akiongoza darasa siku zote watashangaa. Siri iko kwingine. Yeye mwenyewe alieleza baadaye kwamba kuchagua shahada ya sanaa kulimpa muda mwingi wa kusoma mambo yasiyokuwa kwenye kozi, na kwamba muda mwingine mwingi aliutumia kubishana na wanafunzi wenzake juu ya kila jambo chini ya jua. Falsafa yake yote ya siasa, alisema, aliijenga huko. Alikuwa na marafiki Wanigeria na wa visiwa vya Karibi. Aliandika insha juu ya suala la rangi katika Afrika Mashariki, insha ambayo hakuna mwalimu aliyemtuma aiandike. Julai 1952 akapata shahada yake, Oktoba akarudi, mwaka 1953 akaenda kufundisha Pugu, na tarehe 7 Julai 1954 TANU ikazaliwa.

Yale masomo ya fasihi nayo hayakupotea. Akiwa tayari ni Rais, aliketi na Shakespeare akamgeuza Mswahili. Tafsiri yake ya mchezo wa Kaisari ilitoka mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi ikafuata mwaka 1969. Kwa wanaosema fasihi haina kazi, hapo kuna mkuu wa nchi aliyeiona ina kazi hata baada ya saa za Ikulu.

Wa nne ni Okot p'Bitek, na huyu ana vituko vyake. Alizaliwa Gulu mwaka 1931, akasomea ualimu, akaandika riwaya kwa Kiacholi akiwa kijana mdogo, na alikuwa mwanasoka. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1950 timu ya Uganda ilizuru Uingereza, wachezaji wakisakata kandanda peku, na Okot alikuwamo. Timu iliporudi, yeye akabaki. Akasoma ualimu Bristol. Akaenda Aberystwyth, Wales, akachukua shahada ya sheria. Ukiwa na sheria mkononi miaka ile, nchi inakaribia uhuru na mahakimu weusi hawapo, ulikuwa umeula. Okot akaiweka sheria pembeni, akaenda Oxford kusoma anthropolojia.

Kuhama kwake kulimgharimu mpira, kwa sababu huwezi kuwa winga wa Uganda ukiwa maktaba ya Oxford. Tena kozi aliyoihamia ilimtukana. Ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu dini za Kiafrika na wasomi wa Magharibi kwamba tangu mhadhara wa kwanza mwalimu wake aliwaita Waafrika na watu wengine wasio Wazungu kwa majina ya kuwafanya washenzi, naye akapinga, na haikusaidia. Hebu jiulize: umeacha sheria, umevuka nchi, umeketi dawati la mbele, halafu kozi uliyoichagua kwa moyo wako inakuambia bibi yako ni mshenzi. Ungebadili tena? Okot hakubadili. Aliitumia. Utafiti wake wa Oxford, wa mwaka 1963, aliufanya juu ya fasihi simulizi ya Waacholi na Walango. Yaani nyimbo za akina bibi hao hao aliziingiza mlangoni na kuziketisha.

Mwaka 1966 ikatoka Nairobi ile kazi yake maarufu, ambayo Paul Sozigwa aliitia katika Kiswahili kwa jina la Wimbo wa Lawino. Mkeo wa kijijini anamshitaki mume aliyesoma, Ocol, mbele ya ndugu na ukoo. Mimi nikiisoma naona kozi zote za Okot zimekaa humo kwa amani: kuna mlalamikaji, kuna mashahidi na vielelezo kama mahakamani, kuna mila na desturi zilizoelezwa na mtu aliyezichunguza, na kuna wimbo, ambao hakuusomea popote.

Sasa turudi nyumbani, kwa maana hawa wanne wasitufanye tusahau kwamba kuhama kozi ni jambo la vyuo, na vyuo vina wenyewe. Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilipofunguliwa Oktoba 1961, katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, kilikuwa na wanafunzi 14 na kitivo kimoja tu: sheria. Hata ungetaka kuhama, uhamie wapi? Mwaka 1964 chuo kikapanda Mlimani. Serikali ikawa inasomesha bure, na kwa kuwa ililipa, ilipanga: nchi inataka wahandisi wangapi, walimu wangapi, madaktari wangapi. Halikuwa jambo baya, nchi ilikuwa changa na haina wataalamu. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 hata kwenda chuo moja kwa moja kutoka kidato cha sita kulisimamishwa. Uende kwanza ukafanye kazi, upate mapendekezo. Miaka ya 1990 ukaja uchangiaji wa gharama, na mwaka 2005 Bodi ya Mikopo ikaanza kazi.

Tazama mstari huo. Kila zama, anayelipa ndiye anayeshika usukani. Mkoloni alilipa, akataka makarani na madaktari wachache. Taifa lililipa, likataka wataalamu wake. Leo mkopo unakuja kwa jina lako mwenyewe, utaulipa wewe, na inaelekea ungekuwa na uhuru zaidi wa kuchagua. Lakini mkopo nao hutazama kozi, nao hauoni vyote. Hauoni mbuzi aliyeuzwa Same ili ununue godoro. Hauoni dada aliyeacha kujiunga na cherehani kwa mwaka mmoja ili wewe usidisko kwa kukosa ada. Akina Augustine bado wapo. Wamebadilika majina tu.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba kwa sababu ya akina Augustine mtu asihame. Kama Achebe angebaki kwenye udaktari kwa kuogopa nauli ya kaka yake, Nigeria ingepata daktari mmoja asiyeipenda kazi yake, na wagonjwa wake ndio wangelipa. Wala sisemi kila anayehama atakuwa Achebe. Historia ina upendeleo mbaya: huwahifadhi waliofika na kuwasahau walioishia njiani. Kwa kila jina moja katika insha hii walikuwapo wengine waliohama, wakalegea, wakarudi kwao bila gazeti wala shahada. Kwa hiyo mshikaji akikuambia ameacha kemia kwa sababu hata Achebe aliacha, muulize na hili: umeshaandika nini mwaka huu?

Kwa sababu hilo ndilo linalowaunganisha wanne hawa kuliko kipaji. Baada ya kuhama hawakungoja kozi mpya iwape maisha. Achebe alikuwa na gazeti la karatasi chache. Nyerere alikuwa na mabishano na insha asiyotumwa. Okot alikuwa na nyimbo za kwao. Okigbo alikuwa na subira. Kozi ilikuwa mlango. Nyumba waliijenga wenyewe nyuma ya mlango huo, saa za jioni, bila maksi. Na namna hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo namna pekee ya heshima ya kumlipa Augustine: si kwa kumrudishia nauli, bali kwa kuhakikisha kwamba hakukosa likizo yake kwa ajili ya mtu anayelala hadi saa nne.

Juni 1962 waandishi wa Afrika wanaotumia Kiingereza walikutana Makerere, Kampala. Achebe alikuwepo na Okigbo alikuwepo, madaktari wawili ambao hawakuwa, wameketi katika chuo kile kile ambamo Nyerere aliwahi kusoma kemia. Mwanafunzi mmoja wa hapo, aliyejulikana siku hizo kama James Ngugi, alimfuata Achebe akiwa na mswada wa riwaya, akamwomba ausome. Achebe akausoma. Hakumwambia kijana yule kwamba ana haraka, wala hakumwambia kwamba watazungumza siku nyingine.